Mfalme Kibiongo na Mtu wa Maegesho

Mapendo, binti yangu,

Salamu tulipeana asubuhi jikoni, wewe ukiwa na mswaki mdomoni, kwa hiyo hizo naziruka. Habari za sweta, za chai ya tangawizi na za kutomfungulia mtu usiyemjua mlango naziruka pia, maana mama yako anazishughulikia tangu Jumatano na mimi siwezi kushindana naye. Nakuandikia nikiwa kazini, ndani ya kibanda cha lango hapa Clairwood, Durban. Ni Jumamosi mchana, malori yanapita moja moja, na karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la lango, mahali ambapo bosi hafunui. Kesho unapanda ndege kwenda Uingereza kusoma habari za watu waliokufa zamani. Kabla hujaondoka nina jambo moja la kukuambia, na limenikaa kooni karibu miaka ishirini. Linaanzia kwa yule mfalme wako.

Unakumbuka alivyoingia nyumbani kwetu? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Shuleni walikuwa wamewasomesha mchezo wa kuigiza ambamo mfalme huyo wa Waingereza ni shetani aliyevaa taji: ana kibiongo, anachechemea, anawaua watoto wawili wa kaka yake ili akae kwenye kiti chao. Darasa zima likamchukia. Wewe ukarudi umevimba kwa hasira kana kwamba wamemtukana mjomba wako. Ukaenda maktaba, ukarudi na vitabu vinene, na kuanzia hapo hatukula ugali kwa amani. Jina lake hasa mimi sikulitumia hata siku moja. Nilimwita Mfalme Kibiongo, makusudi, nikijua utaruka.

"Papa, hakuwa na kibiongo! Mgongo ulipinda kando tu. Mifupa yake imeonekana, hata kuchechemea hakuchechemea."

"Kilichopinda kimepinda," nikasema.

"Wale walioandika habari zake walikuwa wanakula kwa mfalme mpya. Na mfalme mpya ndiye aliyemuua vitani. Sasa wangeandika nini?"

"Watu wote hao hawawezi kudanganya, Mapendo."

"Eish, Papa! Anadanganya mmoja, wengine wanakopi."

Mama yako alikuwa anacheka, mdogo wako anapiga meza kwa kijiko, na mimi nacheka nao. Ndani nilikuwa nawaka. Ulidhani nafanya mzaha ninapochukua upande wa waliomsema vibaya. Sikuwa na mzaha wowote. Nilikuwa nataka sana ushindwe. Kila jioni uliyoshinda wewe, mimi nilikwenda kulala nimeugeukia ukuta.

Halafu ikafika ile siku uliyotuambia mifupa yenyewe ilipatikana wapi. Ulisema alikaa zaidi ya miaka mia tano chini ya ardhi bila mtu kujua mahali, na walipochimba wakamkuta chini ya maegesho ya magari. Ukasema, "Fikiria, Papa. Watu wanaegesha juu yake, wanakwenda zao kununua mkate, na yeye yuko pale pale." Nikaweka tonge chini, nikatoka nje. Mama yako alikuambia tumbo langu halijakaa sawa. Tumbo lilikuwa sawa, mwanangu. Nilikuwa nimemwona mtu mwingine kwenye maegesho mengine, na ni huyo ninayetaka kukuambia habari zake.

Unamjua. Ni yule mzee wa Sydenham anayeburuta mguu wa kushoto, anayelinda magari pale kwenye maduka ya Overport, amevaa kizibao cha kung'aa kilichopauka. Ni yule ambaye tangu utoto wako, tukimwona mbele, nilikushika mkono nikakuvusha ng'ambo ya barabara. Kanisani ulisikia kwamba kule kwetu alikuwa pamoja na watu wenye silaha. Mimi sikukuambia hivyo kwa mdomo wangu, lakini uliposikia sikukanusha.

Anaitwa Amisi. Ni kaka yangu. Tumbo moja, baba mmoja. Ni baba yako mkubwa, Mapendo.

Nimesimama kidogo, nimefungulia lori la makontena, nimerudi. Naendelea, maana nikiacha sasa sitaandika tena.

Vita vilipofika kwetu Uvira, Kongo, wewe ulikuwa hujatimiza mwaka na nusu. Mama yako alikuwa na homa, hawezi kubeba hata kikapu. Mimi nilimshika yeye. Wewe ulibebwa na Amisi, mgongoni, kwa kitenge cha mama yetu, kutoka mlimani mpaka ziwani, na mguu wake ule. Mguu wenyewe aliuvunja akiwa kijana, alianguka kwenye paa la kanisa wakiezeka mabati, ukaunga vibaya. Hapa Durban wanasema alipigwa risasi akiwa anaua watu. Tulipofika majini alikukabidhi kwangu, akasema anarudi kumchukua mama. Hakutokea. Tulivuka, tukakaa Tanzania, na huko mtu mmoja wa kwetu akatuambia kwamba Amisi na mama wamekufa wote. Kwa mama ilikuwa kweli. Nililia wiki nzima.

Tukateremka mpaka hapa. Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi tulisimama siku mbili, na wewe hujui foleni ile inavyomfundisha mtu. Waliotutangulia walikuwa wanatupa mafunzo bure. Bwana mmoja wa Bukavu, mwenye koti la suti na kandambili, akaniuliza nitasema nini ndani. Nikamwambia nitasema ukweli: vita vilikuja, tukakimbia.

"Frère, ndugu yangu, hiyo haitoshe," akasema. "Vita, kila mtu iko nayo. Utaje mutu mwenye anakutafuta, na jina lake. Bila jina wanakukatala. Na usitunge jina, utalisahau. Watakuuliza tena miaka tatu mbele, ukikosea tu, basi."

Nilifikiri usiku kucha, mgongo ukutani, wewe umelala mapajani mwangu. Jina gani sitalisahau hata nikiamshwa usingizini? Lilikuwa moja tu. Na mwenye jina alikuwa amekufa, sivyo? Niliona kama namwomba kaka yangu msaada wa mwisho. Kwetu unajua ndugu hawabebi jina moja la ukoo kama watu wa hapa. Kila mtoto anapewa lake. Ofisa angeyaona majina yetu mawili na asione undugu wowote. Nikaingia, nikamtaja. Nikasema ndiye aliyenifukuza na panga. Mkalimani akatafsiri, ofisa akaandika. Akauliza kama mtu huyo ana alama yoyote. Nikasema anaburuta mguu wa kushoto.

Ningeweza kuishia kwenye jina. Hakuna aliyenilazimisha kuongeza mguu. Niliuongeza kwa sababu niliona ofisa anaandika kwa bidii, na mimi nikapenda kuaminiwa. Karatasi zikatoka. Jina langu, la mama yako, na lako chini yake. Mdogo wako alipozaliwa naye akaingizwa humo humo. Dosye moja, yaani faili moja la ofisini, sisi wanne, na maneno yale ndiyo msumari unaoishikilia.

Ulikuwa na miaka mitano Amisi aliposhuka kutoka basi la mpakani, hai, amekonda, anatuulizia. Alikwenda ofisini kabla hajatuona. Mkalimani alikuwa yule yule, mtu wa kanisa letu. Alilisikia jina, akautazama mguu, na siku ya pili wanawake wa kwaya walikuwa wanajua. Shemasi alinifuata nyumbani.

"Ndugu Etienne, ule mutu wa ku dosye yako amefika hapa Durban. Ni yeye?"

Mapendo, nilikuwa na nafasi pale mlangoni. Ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Nikafikiria dosye, nikafikiria wewe unayeanza shule, nikasema, "Sitaki kuzungumza habari za yule mtu." Shemasi akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika bega. Alidhani nina kidonda. Tangu siku ile watu wameniheshimu kanisani kwa kunyamaza kwangu.

Kaka yangu alikuwa kinyozi. Uvira nzima ilijua mkono wake. Hapa nani angekaa chini ya wembe wa mtu anayesemwa hivyo? Saluni za Wakongo zilimfukuza, moja baada ya nyingine, na mwishowe akapewa kizibao na kipande cha lami cha kulinda.

Na mimi niko ndani ya kitu ambacho sikuona mlango wake wa kutokea. Kila karatasi zikikaribia kuisha narudi ofisini. Wananisomea maelezo yangu, wananiuliza kama ninayasimamia, nasema ndiyo, nasaini. Nimesema uongo huo mara nyingi kuliko nilivyosema Baba Yetu kwa moyo mmoja. Nikiubatilisha, dosye inafunguka, na nyinyi watatu mmo. Nisipoubatilisha, yeye anaendelea kusimama juani. Hapa langoni nafungulia magari yanayokwenda kila mahali, na mimi hata Swaziland siwezi kwenda bila kuomba, kwa karatasi iliyosimama juu ya shingo ya kaka yangu. Mama yako anajua. Aliniambia mara moja tu, zamani, "Mwambie mtoto kabla hajaambiwa na wengine." Nilimkaripia. Usimhukumu, amebeba changu.

Kuna siku moja ambayo lazima niiandike. Ulikuwa na miaka tisa, tumekwenda kununua viatu vya shule. Nilichelewa kumwona Amisi. Alikuwa karibu kabisa, akakuita, "Mapendo!" Wewe ukageuka na tabasamu, ukataka kuitika. Nikakuvuta mpaka ukalia. Nyumbani ukaniuliza, "Papa, amejuaje jina langu?" Nikakujibu kwamba watu wabaya hujua majina ya watoto. Ulilala na mama yako wiki nzima kwa woga. Nimefanya makosa mengi ya kulea, nimekuchapa pasipo sababu, nimesahau kuja siku ya zawadi shuleni, lakini hayo yote naweza kuyacheka siku moja. Hili siwezi. Jina lako alikupa yeye, siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Mimi nilitaka jina la bibi yangu, akakataa, akasema mtoto aliyezaliwa wakati watu wanachukiana aitwe Mapendo.

Mwezi uliopita, viza yako ilipotoka, nilikwenda kwake. Ndiyo, nilisubiri itoke kwanza. Huo nao ni woga, usinisifu. Nilisimama katikati ya magari kama mtu aliyepoteza la kwake.

"Grand," nikamwita. Kwetu mdogo humwita kaka mkubwa grand, naye huitwa petit, na neno hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu tangu ziwani.

Hakushtuka. Alimwelekeza mama mmoja anayerudi nyuma na gari lake, akamaliza, akaja anaburuta mguu.

"Petit. Mutoto amepata viza?"

"Umejuaje?"

"Durban ni ndogo. Mi nasikiaka yote. Watu tu ndiyo hawanisikiaka."

Nikaanza kusema nilichokwenda kusema. Akainua kiganja.

"Ku bureau ya wakimbizi waliniuliza kama niko na ndugu hapa. Mara tatu waliniuliza. Nikasema sina."

"Ulikuwa unajua?"

"Walinisomea maneno yako, petit. Mpaka mguu uliweka."

Nikatazama lami.

"Mbona hukusema wewe ni kaka yangu? Ungesema tu, wangejua nimedanganya, wangekupa karatasi."

"Na wewe wangekurudisha na nani? Na Mapendo. Ule nilimubeba miye." Gari likapiga honi nyuma yetu. "Acha nifanye kazi. Sharp."

Aliniaga hivyo, kama watu wa hapa, akaenda. Mpaka leo anaishi kwa karatasi ya muda, anaihuisha kila baada ya miezi michache, kwa sababu alisema hana ndugu. Shule yako, binti yangu, vitabu vyako vinene, ndege yako ya kesho, vyote vilipitia mdomoni mwa mtu aliyefunga mdomo huo. Mimi nilifikiri ni mimi niliyekulinda.

Sasa turudi kwa mfalme wako, nimalize. Siku moja nilikubana. Nikakuuliza: wale watoto wawili, kama si yeye, walikwenda wapi? Nilitegemea utapiga kelele. Ukasema tu kwamba hujui, kwamba humwiti malaika, na huenda aliwaua kweli. Ila alitunga sheria mtu asinyang'anywe mali kabla hajahukumiwa, na hiyo hakuna aliyeiweka kwenye mchezo. Ukasema hutaki mtu yeyote ahukumiwe na wale tu waliofaidika kwa kufa kwake. Mimi nilifaidika kwa kifo cha Amisi, hata pale aliporudi mzima.

Na ukaniambia jambo jingine, ambalo nilijifanya silisikii kwa sababu ya mpira kwenye televisheni. Ulisema kuna mji mmoja wa kaskazini ambao, habari za kuuawa kwake zilipofika, watu wake waliandika kwenye daftari la mji kwamba ameuawa kwa kusikitisha, na kwamba mji una huzuni. Mfalme mpya alikuwa ameshashinda, na wao wakaandika vile vile. Nimemfikiria sana karani yule. Simfikirii mfalme, namfikiria karani. Alikuwa na mke, nadhani, na watoto, na mkono wa kuandikia kama huu wangu. Ulisema ndiyo maana leo mtu anaweza kumtetea: kuna mmoja aliyeandika.

Mimi nami ni mtu wa daftari. Hapa langoni ukikosea namba ya lori huruhusiwi kufuta, wala kupaka rangi nyeupe, wala kuchana ukurasa ulioandikwa. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kosa lenyewe lisomeke bado. Pembeni unaandika lililo sahihi, unatia saini, unaweka saa. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja kwa malori ya watu. Kwenye karatasi ya mwisho ya barua hii nimeandika maneno yale niliyosema ofisini, kama nilivyoyasema, pamoja na mguu. Nimepiga mstari mmoja. Pembeni nimeandika: Amisi ni kaka yangu, hakunifukuza, alimbeba mwanangu mpaka ziwani. Nimetia saini kwa jina langu lote. Nimeandika mara mbili. Moja ni yako, moja ni yake. Yake nitampa mkononi mwake, akaipeleke anakotaka. Kanisani nitasimama Jumapili ya wiki ijayo, nimeshamwomba mchungaji dakika tano bila kumwambia za nini.

Ofisini bado. Nimemuuliza mtu anayejua sheria, nikajifanya ni habari za rafiki yangu. Amesema wanaweza kuifungua dosye yote upya, na yako imo. Sijui nitakwenda lini. Naogopa, Mapendo, nakuambia wazi ili usije ukanitungia ushujaa. Ndiyo maana nakala moja naiweka kwako. Ukiichoma, sitakuuliza hata siku moja. Ukiniandikia kutoka huko kwamba niende, nitakwenda.

Sikuambii usamehe. Ukikasirika kasirika vizuri, usile, usiongee nami kwenye gari, una haki. Ninaomba jambo moja tu, na muda wake ni mfupi.

Kesho, kabla ya uwanja wa ndege, gari litazunguka kidogo lipitie Overport. Mama yako anajua, ndiyo maana ameng'ang'ania tutoke mapema. Kaka yangu huanza kazi saa moja asubuhi, husimama karibu na lango la kuingilia. Nitakushika mkono kama zamani, na safari hii hatuvuki barabara.

Akikuita, itika.

Baba yako,
Etienne